Game Boy ya Ami haiwaki: shajara ya matengenezo

Jumamosi, 11 Januari 2025

Ami kaja baada ya alasiri na mfuko wa kitambaa uliofungwa kwa kamba ya kiatu. "Tazama kama huyu atafufuka," akasema, akaomba maji ya kunywa, akakaa kama mtu aliyempeleka mgonjwa hospitali.

Ndani mna Game Boy ile ya mwanzo kabisa, mashine ya Nintendo ya kuchezea michezo mkononi, nene, ya kijivu, nyuma imeandikwa DMG-01. Mashine hizi zilitoka Japani Aprili 1989. Hii yake aliinunua soko la Matrah mwaka 1993, alipokuwa akifanya kazi Maskati, na aliporudi Unguja akarudi nayo. Kaseti za michezo ni mbili: moja Tetris, ule wa kupanga vipande vinavyoshuka ili mistari ijae na kufutika, nyingine haina lebo. Tena kuna kikaratasi kilichokunjwa mara nne, kimeandikwa kwa wino wa buluu: "Mistari 143."

Nikamuuliza hiyo nini.

"Rekodi yangu. Shahidi sina."

Na kweli hana. Tetris ya Game Boy haina betri ndani ya kaseti, kwa hiyo ukizima mashine, alama zako zimekwenda nayo. Kikaratasi ndiyo kumbukumbu pekee iliyobaki.

Maradhi nimeyaandika kwa mpangilio alionipa, maana nahisi ndani yake mna dalili. Kwanza ilikuwa ikiganda katikati ya mchezo. Kisha ikawa inawaka na kujizima. Kisha ukiibana upande wa juu kushoto inawaka, ukiiachia inakufa. Mwisho haikuwaka kabisa, ikatiwa kabatini.

Nikafungua kifuniko cha betri. Mawe mawili kati ya manne bado yamo, yamevimba na kuvuja. Pembeni mwa springi kuna ukoko mweupe kama unga wa muhogo uliopatwa na unyevu, na palipoliwa chuma pamegeuka kijani. Moja nilitoa kwa kidole. La pili lilishikana na kibati hadi nikalichokoa kwa bisibisi bapa.

Leo sikufanya zaidi. Ami hakufurahi, alidhani nitaiwasha mbele yake.

Jumapili, 12 Januari

Sikukuu ya Mapinduzi, maduka mengi ya Mlandege yamefungwa, na bisibisi ya kufungulia kitu hiki sina. Skrubu za nje ni za meno matatu, kama herufi Y. Ziko sita: nne mgongoni, mbili ndani ya chumba cha betri.

Wakati nangoja, nimeshughulikia ukoko. Kwenye ganda la jiwe lililobaki pamesomeka kuwa ni alkalaini. Jambo hili lina maana, kwani kinachovuja humo ni besi, na besi hutulizwa kwa asidi: siki, au ndimu ukikosa siki. Yale mawe ya bei rahisi ya zinki na kaboni ni kinyume chake, yakivuja huwa na uasidi, na hapo unatafuta magadi ya kuokea. Nimechovya kijiti cha pamba kwenye siki nikagusa springi. Ikachemka vipovu vidogo, sauti yake kama soda iliyofunguliwa chumba cha pili. Nikarudia mara tano, nikafuta kwa maji kidogo, kisha kwa alkoholi ili maji yasibaki. Springi moja imeliwa nusu unene wake lakini bado inarudi ukiibonyeza.

Jioni nikashindwa kuvumilia. Nilipasha moto mkia wa kalamu ya plastiki hadi ukalegea, nikaukandamiza kwenye kichwa cha skrubu, nikauacha upoe ukiwa na umbo la ile Y. Umefungua skrubu tano. Ya sita ilitaka kalamu ya pili na maneno ambayo sitayaandika.

Kwa atakayefungua ya kwake: nusu mbili za mashine hii zimeungana kwa utepe mmoja wa waya unaotoka bodi ya nyuma kwenda bodi ya kioo. Ifungue polepole kama unavyofungua kitabu cha zamani ambacho gundi yake imekauka, na utepe uuchomoe kwa kuvuta wima, mkono mmoja huku na mwingine kule. Nimeona mashine zilizouawa hapo tu, na fundi aliyeziua hajui mpaka leo.

Ndani ni pasafi kuliko nilivyotarajia. Vumbi, mbawa mbili za sisimizi, na unga wa kijani kidogo kuzunguka miguu ya vibati vya betri. Bodi ya nyuma imebeba prosesa, ndiyo ubongo wake, tundu la kaseti na swichi ya kuwashia. Kando yake kuna kibodi, yaani bodi ndogo, kinachobadilisha umeme wa betri kuwa volti 5 za mashine na volti hasi za kioo.

Nikarudisha utepe, nikatia betri mpya, nikasukuma swichi. Taa nyekundu ikawaka, lakini wekundu wa kaa linalozimika. Kioo kikapata kivuli cha kijani. Sekunde mbili, giza.

Imewaka! Nikampigia Ami. Sikupaswa kumpigia.

Jumamosi, 18 Januari

Hapa ndipo nilipokosea. Nayaandika yote kama yalivyokuwa.

Nimepima volti zinazotoka kwenye kile kibodi cha umeme. Zilitakiwa kuwa 5. Mita imesoma 4.3, na zikishuka zaidi mashine inajizima. Nikahitimisha pale pale: kibodi kimekufa, kina zaidi ya miaka thelathini, kapasita zake, vile vihifadhi umeme vidogo, zimekauka, mzee wa watu apumzike. Nikatembea hadi Mlandege kwa fundi redio ninayemwamini. Akakigeuzageuza chini ya taa, akasema, "Badilisha kapasita zote, mwanangu, vitu vya zamani ndivyo vilivyo." Kauli ya fundi mkubwa ikanizidishia uhakika ambao sikustahili kuwa nao.

Kapasita za ukubwa ule sikuzipata. Nimeagiza kibodi kipya kizima, cha kisasa, kutoka ng'ambo. Shilingi elfu thelathini na mbili pamoja na usafiri. Wamesema wiki tatu.

Jumanne, 21 Januari

Hakuna jipya. Ami kapiga simu mara mbili. Nimemwambia dawa iko njiani.

Jumamosi, 8 Februari

Kibodi kimefika. Nimetoa cha zamani, nimelehemu kipya, risasi imekaa vizuri inang'aa. Betri mpya. Swichi.

Wekundu wa kaa. Sekunde mbili. Giza.

Nimepima kinachotoka: 4.3, ileile.

Nimekaa pale nikiitazama mita kama nusu saa. Vibodi viwili, kimoja cha kale na kimoja cha jana, haviwezi kufa kifo kimoja kwa kiwango kimoja. Kumbe tangu mwanzo nilipima kinachotoka, sikupima hata mara moja kinachoingia.

Basi nikaanza upya kutoka chanzo, mashine ikiwa imewashwa, waya mweusi wa mita ukiwa umetulia kwenye hasi ya betri. Kwenye springi za betri: 6.1. Vizuri, mawe manne ya volti 1.5 na ziada kidogo kwa kuwa ni mapya. Kabla ya swichi: 6.1. Baada ya swichi: 3.4.

Volti 2.7 zimeliwa ndani ya swichi.

Nikaibana swichi kwa kidole upande wa kushoto. Zikapanda hadi 5.2, taa ikakolea, na kioo kikataka kusema kitu. Nikaachia, zikaanguka. Ami aliniambia siku ya kwanza kabisa, na niliandika mwenyewe hapo juu: ukiibana upande wa juu kushoto inawaka. Swichi iko juu kushoto.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba ile swichi nilishaipima. Tarehe 12 nilitia mita kwenye mlio, nikagusa miguu miwili, ikalia pii, nikasema nzima. Lakini mita yangu hulia kwa chochote chenye ukinzani chini ya omu 50 hivi. Mashine hii inavuta chini kidogo ya miliampia 100. Piga hesabu: omu 27 au 30 za kutu ndani ya swichi, mita inalia kwa furaha, na umeme ukianza kupita kweli karibu nusu ya volti zako zinabaki njiani. Mlio wa mita unakujulisha kuwa njia ipo. Hausemi kama ni barabara ya lami au kichochoro cha punda mmoja. Tangu leo naandika kwa kalamu nene ukutani: PIMA VOLTI IKIWA INAFANYA KAZI.

Nimekirudisha kibodi cha zamani mahali pake. Ni kizima kabisa. Kipya kimelala kwenye droo pamoja na elfu zangu thelathini na mbili.

Jumapili, 9 Februari

Swichi yenyewe. Njia ya uvivu ni kudondoshea alkoholi ndani na kuisukuma huku na huku mara hamsini. Nilianza nayo, hasara ya volti ikashuka kutoka 2.7 hadi 0.9. Wengi wangeishia hapo, na mashine ingewaka, na baada ya mvua za masika ingerudi kwangu.

Nimeitoa. Risasi ya zamani ni ngumu kuyeyuka, kwa hiyo niliongeza risasi mpya juu yake kwanza ili ilegee, kisha nikanyonya yote kwa pampu, mguu baada ya mguu. Kifuniko cha bati cha swichi kimeshikwa na masikio madogo yaliyokunjwa. Ukiyainua kwa ncha ya kisu, kinafunguka. Ndani kuna kibati kinachoteleza juu ya vibati vingine. Vyote vimekuwa vyeusi tii, kama sufuria iliyopikiwa kwa kuni. Sisi hapa tunaishi mita chache kutoka baharini, madirisha wazi mwaka mzima, upepo wa kaskazi unaingia na chumvi yake, na kabati la Ami ni la ukuta wa chokaa unaolia maji. Swichi haikuwa na kosa.

Sikutumia msasa. Msasa unatoa weusi na unatoa pia ule mpako mwembamba unaouzuia weusi usirudi. Nilifuta kwa kifutio cha penseli, taratibu, kisha alkoholi, hadi kitambaa kikawa hakichafuki tena. Nikakunja masikio, nikalehemu.

Hasara ya volti kwenye swichi: 0.04.

Taa sasa ni nyekundu kama ya breki. Nimetia Tetris, nimewasha. Kutoka juu ya kioo kikateremka kibao cheusi, polepole, kikasimama katikati. Kikalia ding. Kikabaki pale.

Dakika tano. Bado pale.

Jumamosi, 15 Februari

Binti yangu, miaka tisa, ndiye aliyeuliza swali la maana: "Kama imeharibika, mbona imelia?"

Game Boy ikiwashwa, kabla ya mchezo wowote, inaendesha programu fupi iliyochomwa ndani ya prosesa. Programu hiyo inasoma baiti 48 kutoka kwenye kaseti, na baiti hizo ni picha ya jina la Nintendo. Inaichora, inaiteremsha, inalia. Baada ya hapo inalinganisha picha iliyoisoma na nakala yake yenyewe, kisha inahakiki hesabu ya maelezo yaliyo mwanzoni mwa kaseti. Kikikosekana kitu hata kidogo, inasimama hapohapo, haisemi kwa nini. Ulikuwa ni mtego wa kisheria: anayetaka kutengeneza kaseti bila idhini alazimike kunakili alama ya biashara ya Nintendo. Wanasheria waliuweka kwa ajili ya maharamia, na fundi wa Unguja anautumia kama kipimo cha uchafu. Jina likisomeka vizuri, meno ya kaseti yanagusana na tundu. Likija limekatikakatika, baadhi ya njia za data hazishiki. Kikija kibao cheusi kitupu, mashine haioni kaseti kabisa, ni sawa na tundu kuwa wazi.

Kwa hiyo kuganda kule hakukuwa hitilafu ya ubongo. Mashine ilikuwa inafanya kazi yake sawasawa. Ilikuwa kipofu tu.

Kaseti ina meno 32. Ami, aliyekuja kukagua, aliichukua mkononi mwangu, akaivuta pumzi ndani ya kifua na kuipuliza kama tulivyofanya sote. Nikamwomba asirudie. Pumzi ina unyevu, na unyevu ndio uliotufikisha hapa. Kilichokuwa kikisaidia zamani ni kule kuitoa na kuirudisha, meno yanajikwangua kidogo yanapopita.

"Basi miaka yote ile nilikuwa naitemea mate?"

"Ndiyo, Ami."

Akacheka mpaka akakohoa.

Vijiti vya pamba kumi na moja vyenye alkoholi, nikifuta kwa urefu wa meno, si kwa upana. Cha kwanza kilitoka cheusi, cha tano kahawia, cha kumi na moja karibu cheupe. Tukawasha. Jina likateremka zima, na ule muziki wa Tetris ukaanza, mwembamba, unatoka kwenye spika ambayo haijalia tangu siku sizijui. Ami hakusema neno. Alinyoosha mkono, nami nikampa.

Ikaganda baada ya dakika ishirini, alipoiweka mezani kwa nguvu. Kaseti nimeisafisha, lakini tundu lenyewe la kwenye mashine bado sijaligusa. Nimekata kadi ngumu ya unene wa kaseti, nimeifunga kitambaa chembamba chenye alkoholi, nimeiingiza na kuitoa mara thelathini, nikibadilisha kitambaa. Kitambaa cha kwanza kilikuwa na mistari 32 myeusi, imepangika vizuri kama meno ya kitana. Saa mbili baadaye bado inacheza, hata nikiigonga.

Ile kaseti isiyo na lebo imewaka pia. Ni ya mbio za magari. Ami anasema haijui wala hakumbuki imetoka wapi.

Jumamosi, 22 Februari

Imebaki kasoro ya kioo: mistari miwili ya wima haionekani, mmoja karibu na kati, mwingine ukingo wa kulia. Kioo kina nukta 160 kwa upana na 144 kwa urefu, na kila mstari wa wima una njia yake kwenye utepe mwembamba uliogandishwa kwa joto chini ya kioo. Gundi hiyo ikizeeka, njia zinaachia moja moja. Ikikosekana mistari ya ulalo ni utepe mwingine, wa ubavuni, na huo ni wa kuomba dua.

Chuma cha kulehemu nimekishusha joto hadi chini kabisa, nimefunika utepe kwa mkanda unaostahimili moto, mashine imewashwa ili nione, nikapitisha ncha polepole kulia kwenda kushoto bila kukandamiza. Mstari wa kati ukarudi mara ya kwanza. Wa pembeni ukarudi, na mwingine wa tatu ambao ulikuwa mzima ukapotea. Nikasimamisha pumzi, nikarudi nyuma. Ukarejea. Nikazima chuma nikakiweka mbali kabisa, kwa sababu mkono unapofaulu mara tatu huanza kutafuta la nne.

Mita, kwa kumbukumbu: betri 6.0, baada ya swichi 5.96, volti za mashine 5.0. Kwa betri za kuchaji za volti 1.2, jumla 4.8, nayo inakwenda, ila taa hufifia mapema, na asiyejua atadhani maradhi yamerudi. Nimemwandikia Ami hilo kwenye kikaratasi cha pili.

Jumamosi, 8 Machi

Ramadhani. Nimeipeleka kwa Ami baada ya tarawehe, skrubu zote sita mahali pake. Nimemwonya: isilale na betri ndani, na irudi kwenye kisanduku chenye kifuniko, si kwenye lile kabati la ukutani. Akaitikia haya, haya, macho yako kwenye kioo.

Mke wake akatoka jikoni na kahawa, akausikia muziki, akasimama mlangoni. "Umemrudishia huyu kitu? Mimi nilidhani Mungu kanisikia."

Nilikaa hadi saa sita usiku. Mara ya kwanza alifika mistari 18, ya pili 40. Ya tatu 61, na mkono wake wa kushoto ukaanza kutetemeka, akaiweka chini akajinyoosha vidole kimoja kimoja. Kile kikaratasi cha 143 kiko mbele yake juu ya meza, amekiwekea kikombe cha kahawa kisipeperuke na feni.

"Enzi zile vipande vilikuwa vinashuka taratibu," akasema. "Umegusa nini humu ndani?"